Simfonia zilizosahauliwa na namna ya kuzipa sauti kwa kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapoweka rekodi mpya, watu huniuliza mambo yaleyale: muziki huu umetoka wapi, nani kaupiga, na mtu mwingine anaweza kuanzaje. Kazi yenyewe ni kuchukua nota za okestra za karne ya 19, enzi ya Kiromantiki, ambazo hazipigwi tena au hazijawahi kupigwa, kuziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, na kuzifanya zisikike. Majibu ninayotoa mara nyingi nimeyaweka hapa.

Muziki ukisahaulika, si ni kwa sababu haukuwa mzuri?

Hapana, na hili nalijibu kwa kirefu kwa kuwa ndilo kiini cha kazi yote.

Mchukue Joachim Raff. Alizaliwa Lachen, Uswisi, mwaka 1822. Akawa msaidizi wa mtunzi Liszt huko Weimar, Ujerumani, na mwaka 1863 simfonia yake ya kwanza (simfonia ni kazi ndefu ya okestra yenye sehemu kadhaa) ilishinda shindano la Chama cha Marafiki wa Muziki cha Vienna. Aliandika simfonia 11. Katika miaka ya 1870 ya tatu, "Im Walde", na ya tano, "Lenore", zilikuwa miongoni mwa simfonia mpya zilizopendwa sana Ujerumani na nje yake. Alipofariki mwaka 1882 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Konsevatori ya Hoch, chuo cha muziki mjini Frankfurt, na yeye ndiye aliyemwajiri mpiga piano Clara Schumann kufundisha piano pale. Kizazi kimoja baadaye jina lake lilikuwa limefifia kabisa. Katika nota zake hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni wasikilizaji: walikuwa wamegawanyika pande mbili, upande wa mtunzi Wagner na upande wa mwenzake Brahms, na mtunzi aliyechota kwa wote hakubaki na wa kumtetea.

Wengine walizibwa mlango tangu mwanzo. Louise Farrenc alifundisha piano katika Konsevatori ya Paris kwa miaka 30, kuanzia 1842. Simfonia yake ya tatu ilipigwa na okestra bora ya mji huo mwaka 1849. Hata hivyo, hakuna simfonia yake hata moja kati ya tatu iliyochapishwa akiwa hai. Emilie Mayer, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1812, alipigiwa onyesho zima la kazi zake mjini Berlin mwaka 1850, akatunga simfonia nane, na nyingi zikabaki miswada ya mkono kwenye maktaba.

Wengine walifutwa kwa makusudi. Friedrich Gernsheim, rafiki wa Brahms na mtunzi wa simfonia nne, alikuwa Myahudi. Alifariki mwaka 1916, na Wanazi waliposhika serikali kazi zake zikapigwa marufuku. Vita navyo vikafanya yake: tarehe 4 Desemba 1943 mabomu yaliteketeza mtaa wa wachapishaji wa Leipzig, mji ambao ulikuwa kitovu cha uchapishaji wa nota duniani.

Na kuna Hans Rott. Alikuwa mwanafunzi wa mtunzi Bruckner na alisoma pamoja na Mahler, ambaye baadaye akawa mtunzi mashuhuri wa simfonia. Alimaliza Simfonia yake katika E meja mwaka 1880, akampelekea Brahms, Brahms akamvunja moyo. Mwaka huohuo akili ikamruka akiwa safarini kwa treni, akalazwa, na mwaka 1884 akafa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 25. Simfonia ilikaa maktabani Vienna hadi tarehe 4 Machi 1989, ilipopigwa kwa mara ya kwanza kabisa mjini Cincinnati, Marekani. Waliokuwa wakiujua muziki wa Mahler walishtuka kusikia mawazo waliyoyadhani ya Mahler yakitoka kwa kijana aliyeyaandika kwanza.

Sisemi kila mswada ni lulu. Nimeingiza simfonia ambazo sehemu yake ya mwisho ni ndefu kuliko mawazo yaliyomo. Lakini hukumu hiyo niliitoa baada ya kusikia, na hiyo ndiyo haki ninayoidai kwa hawa watu: wasikike kwanza.

Je, wamo watunzi wenye asili ya Afrika?

Wamo. Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875, baba yake akiwa daktari kutoka Sierra Leone. Mwaka 1898, kwa pendekezo la mtunzi Mwingereza Elgar, alipewa nafasi ya kutunga kazi ya okestra kwa ajili ya tamasha la Gloucester, akatoa Balladi katika A maina, muziki unaokwenda kwa kasi na moyo kiasi kwamba sielewi okestra zinauachaje. Alifariki mwaka 1912 akiwa na miaka 37. Opera yake "Thelma" ilidhaniwa imepotea hadi mswada ulipotambuliwa katika Maktaba ya Uingereza, na ilichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, karne nzima baada ya kifo chake.

Florence Price ni wa baadaye kidogo, lakini lugha yake ya muziki ina mizizi ileile. Mwaka 1933 Okestra ya Simfonia ya Chicago ilipiga simfonia yake ya kwanza, na hapo akawa mwanamke Mweusi wa kwanza wa Marekani kupigiwa simfonia na okestra kubwa ya nchi hiyo. Mwaka 2009 watu waliokuwa wakikarabati nyumba iliyotelekezwa katika mji mdogo wa St. Anne, Illinois, walikuta marundo ya karatasi zake, zikiwemo konserto mbili za fidla na simfonia ya nne. Nyumba hiyo aliwahi kuitumia kipindi cha kiangazi. Paa lilikuwa limevunjika na mvua inaingia.

Nota zinapatikana wapi?

Anza na IMSLP, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2006. Humo mna picha za vitabu vya nota vya karne ya 19 kwa maelfu, na vingi havijafunguliwa na mtu kwa nia ya kupigwa. Faili la simfonia moja huwa kubwa, kwa hiyo angalia bando lako kabla ya kupakua.

Baada ya hapo nenda kwenye maktaba za taifa. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina hazina yake ya kidijitali iitwayo Gallica. Maktaba ya Serikali ya Berlin inatunza miswada ya Emilie Mayer. Maktaba ya umma ya Philadelphia ina mkusanyo wa Fleisher, ambao tangu 1929 unaazimisha nota za okestra na umefikia kazi zaidi ya 20,000. Wakutubi ni watu wema kuliko unavyodhani. Ukiandika barua fupi, ukitaja namba ya mswada na unachotaka kufanya, mara nyingi utajibiwa.

Kitabu kikiwa kimepotea, kazi imekwisha?

Si lazima. Muziki wa okestra huandikwa mara mbili. Kuna kitabu cha mwongozaji, chenye ala zote zikiwa zimepangwa juu na chini katika ukurasa mmoja, na kuna karatasi za wapigaji, kila mmoja na zake. Kimoja kikipotea, kingine kinaweza kukirudisha.

Mfano mkubwa ni Simfonia ya Kwanza ya Rachmaninoff. Ilipigwa St. Petersburg mwaka 1897, ikaanguka vibaya, na mtunzi akaiweka kando. Alipoondoka Urusi mwaka 1917 mswada ulibaki nyuma ukapotea. Vita vya Pili vya Dunia vikielekea mwisho, karatasi za wapigaji zikapatikana katika maktaba ya Konsevatori ya Leningrad. Kutokana na hizo kitabu kikaundwa upya, na Oktoba 1945 simfonia ikasikika Moscow. Rachmaninoff alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Wakati mwingine kinachobaki ni mpangilio wa piano kwa mikono minne tu, yaani watu wawili kwenye piano moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa simfonia ya nne ya Mayer. Hapo anayeendelea hanakili tena, anakisia ni ala gani ilipiga nini, na lazima aseme hivyo waziwazi kwa wasikilizaji.

Kisheria ninaruhusiwa?

Kwa watunzi waliofariki karne ya 19, muziki wenyewe kwa kawaida ni mali ya umma. Kwa waliofuata, hesabu miaka tangu kifo: sheria za Tanzania na Kenya hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, nchi za Umoja wa Ulaya miaka 70. Ukiweka rekodi mtandaoni inasikika pande zote, hivyo mimi hufuata ule wa 70.

Mtego uko kwenye matoleo mapya. Mtaalamu akitoa leo toleo lililohakikiwa la mtunzi wa zamani, kazi yake inaweza kuwa na ulinzi wake. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, anayechapisha kwa mara ya kwanza kazi ambayo haikuwahi kuchapishwa anapata haki ya miaka 25. Basi usinakili kutoka kwenye toleo la juzi. Rudi kwenye chapa ya zamani au mswada wenyewe, na usome masharti ya maktaba iliyoupiga picha.

Mimi ni mwanakwaya, nasoma solfa tu. Naweza kazi hii?

Unaweza, na kuna mahali utawazidi waliosomea piano.

Solfa ya kwaya zetu, ile iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza na kuletwa huku na wamisionari, ina "do" inayohama: do ni pale ufunguo wa wimbo ulipo. Sasa angalia pembe za okestra za karne ya 19. Pembe ya zamani haikuwa na vali, vile vitufe vya kubadilisha nota. Mpigaji alichomeka kipande cha bomba kulingana na ufunguo wa muziki, na mtunzi akamwandikia kila kitu kama vile kiko katika C. Ukiona "pembe katika Es", maana yake do ni E flati. Mwanakwaya anaisoma do-mi-so moja kwa moja na kuisikia kichwani, wakati wengine bado wanahesabu vidole.

Kuna tahadhari moja tu. Vitabu vya Kifaransa huandika majina ya ala kwa ut, ré, mi, na huko ut ni C siku zote, haihami. Usichanganye.

Mistari mitano itakubidi ujifunze, pamoja na klefu tatu, zile alama za mwanzo wa mistari: ya G, ya F na ya C. Hiyo ya C ndiyo ya viola, na tromboni na chelo nazo huiazima. Kwa mazoezi ya kila siku hazichukui muda mrefu kuzoeleka.

Kwa nini nisiskani tu, programu ikasoma yenyewe?

Jaribu, hasa kwa chapa safi. Kuna programu ya bure, Audiveris, na nyingine za kulipia. Kwa ukurasa wa piano uliochapwa vizuri husaidia. Kwa ukurasa wa okestra wa mwaka 1870, wenye safu 20, wino uliofifia na alama zilizobanana, utatumia muda mwingi kurekebisha kuliko kuandika mwenyewe. Kwa mswada wa mkono sahau kabisa.

Ipo sababu nyingine ninayoithamini zaidi. Ukiingiza nota kwa mkono unaufahamu muziki. Unagundua kwamba basuni ya pili inabeba wazo ambalo fidla zitalitoa kurasa 30 mbele. Ujuzi huo utauhitaji utakapofika hatua ya kuupa muziki pumzi.

Nimeingiza kila kitu kama kilivyo, lakini pembe na klarineti zinagongana na wengine. Kuna nini?

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nitakaa hapo kidogo.

Ala nyingi haziandikwi kama zinavyosikika. Klarineti katika B flati husikika nusu-toni 2 (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kati ya nota mbili) chini ya iliyoandikwa, na ile katika A nusu-toni 3 chini. Pembe katika F husikika nusu-toni 7 chini, katika E flati 9, katika D 10. Tarumbeta katika D hupanda juu nusu-toni 2, na katika F hupanda 5. Kontrabesi hushuka oktavu nzima. Tena ndani ya sehemu moja pembe inaweza kubadilishwa kutoka E kwenda C kwa neno dogo "muta", yaani badilisha, lililojificha chini ya mstari. Ukilikosa, kurasa zote zinazofuata zimeharibika.

Majina ya Kijerumani yana mtego wake: "B" kwao ni B flati, na B ya kawaida wanaiita "H". Es ni E flati, As ni A flati.

Kuna desturi mbili za kale ambazo vitabu vya mafunzo huzipita haraka. Ya kwanza: pembe ikiandikwa katika klefu ya F, kwa mtindo wa zamani nota huwa zimeandikwa oktavu moja chini ya mahali pake, kwa hiyo pembe katika F hapo inapanda nusu-toni 5 badala ya kushuka 7. Ya pili: chelo ikitoka klefu ya F na kuruka moja kwa moja kwenye klefu ya G, mara nyingi husikika oktavu moja chini ya kilichoandikwa. Bruckner na Dvořák wamejaa jambo hili. Chelo yako ikianza ghafla kulia juu ya fidla, sababu ni hiyo.

Timpani nazo hutajwa mwanzoni, tuseme "in Es, B", kisha nota zake huandikwa bila flati yoyote. Kompyuta itapiga E na B za kawaida bila haya.

Miswada ya mkono inaongeza mambo. Mtunzi mwenye haraka huandika "col basso" kwenye mstari wa viola, akimaanisha fuata besi, na kuacha baa tupu ukurasa mzima. Au huandika namba 1 hadi 16 juu ya baa tupu, maana yake rudia zile baa 16 za kurasa zilizopita. Anayedhani viola zimenyamaza hapo ameondoa theluthi ya muziki. Maelezo ya pembeni huwa katika mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Alfabeti yake inapatikana mtandaoni, ichape uibandike ukutani.

Nikikuta kosa kwenye chapa, nisahihishe?

Sahihisha, lakini uandike. Kila badiliko liwe na baa yake, ala yake, kilichokuwepo na ulichoweka.

Kabla ya kuliita kosa, uliza mashahidi. Wazo hilo linaporudi baadaye linasemaje? Ala inayopiga nalo pamoja ina nota gani? Karatasi za wapigaji, kama zipo, zinasemaje? Obo ikiwa na F na fidla ya kwanza inayopiga wimbo uleule ikiwa na F shapu, mmoja kakosewa na mchapaji. Lakini pale ala zote zinapokubaliana juu ya mgongano mkali, mwache mtunzi. Rott ana sehemu zinazouma sikio kwa makusudi, na anayezilainisha anamfanyia tena kile alichofanyiwa mwaka 1880.

Alama moja itakutesa: kimshale kifupi kilicho wazi upande wa kushoto. Je, ni mkazo wa nota moja au agizo la kupunguza sauti? Schubert alizichora zote kwa namna inayokaribiana, na wahariri wamebishana juu yake miaka mingi. Hapo hakuna njia ya mkato. Piga hivi, piga vile, sikiliza muziki unataka kwenda wapi, kisha andika uamuzi wako.

Nahitaji programu na kompyuta gani?

MuseScore ni ya bure na inatosha kumaliza simfonia nzima. Toleo la 4 linaletewa pia sauti za okestra za bure. Dorico na Sibelius, katika matoleo kamili, ni za kulipia. NotePerformer, ambayo huunganishwa na programu za namna hiyo, ina uzuri wake: husoma mbele kidogo kabla ya kupiga, kwa hiyo inajua sentensi ya muziki inaishia wapi. Mashine iwe na RAM ya gigabaiti 16 ukiweza. Kwa 8 utafanya kazi ukiwa umezima mengine yote.

Hifadhi nakala katika muundo wa MusicXML, unaosomwa na programu nyingi za nota, kila mara. Mwaka 2024 waliotengeneza Finale, programu ya kuandikia nota iliyotumika miaka zaidi ya 30, walitangaza kuisimamisha, na watu wenye kazi za maisha yao ndani yake wakaanza kuhangaika.

Nota ziko sawa zote, lakini sauti ni kavu kama mlio wa simu za zamani. Nifanyeje?

Nota zilizoandikwa ni sehemu tu ya maagizo. Zilizobaki wapigaji wa karne ya 19 walizijua bila kuandikiwa, na sasa ni zamu yako kuzitia.

Anza na pumzi. Kompyuta hupewa nguvu ya kila nota kwa kiwango kati ya 0 na 127, na hiyo inafaa piano, ambayo nyundo ikishapiga imekwisha. Fidla na obo haziko hivyo, nota yao inakua na kufifia ikiwa hewani. Kwa hiyo tumia kidhibiti kinachosogea muda wote nota inapolia, na ukisogeze kwa mkono huku unaimba mstari huo kwa sauti. Usipouimba hautapumua. Hii ni kazi ya ala moja baada ya nyingine, na haina mbadala.

Halafu kasi. Mtunzi anaandika Allegro, yaani kwa kasi, na labda namba ya metronomu (idadi ya mapigo kwa dakika), lakini hakuna okestra ya wakati huo iliyokwenda kwa mwendo mmoja kama saa. Wimbo wa pili unapoingia, legeza kidogo. Kilele kinapokaribia, sukuma. Mwisho wa sentensi acha nafasi ya wapuliza ala kuvuta hewa. Mimi hugonga mapigo kwa kidole huku nikiuwaza muziki wote, kisha mapigo hayo ndiyo yanayoiongoza kompyuta.

Viti vina maana kuliko watu wanavyofikiri. Okestra nyingi za karne hiyo ziliwaketisha fidla wa kwanza kushoto na wa pili kulia, uso kwa uso, na watunzi waliandika wakijua hivyo. Mwanzo wa sehemu ya mwisho ya Simfonia ya Sita ya Tchaikovsky wimbo haupo kwa yeyote: fidla wa kwanza na wa pili wanapokezana nota moja moja, na wimbo unazaliwa hewani katikati yao. Ukiwaweka wote kushoto, kama kompyuta zinavyopenda, umefuta wazo hilo. Basi panga viti kwanza, kisha waweke wote katika mwangwi wa ukumbi mmoja.

Mwisho ni uzani. Watunzi wa wakati huo huandika fortissimo, yaani kwa nguvu sana, kwa kila mtu, wakimwachia mwongozaji asawazishe. Kwenye kompyuta tarumbeta zitaimeza filimbi. Katika Simfonia ya Rott pembetatu ya chuma inalia kwa kurasa na kurasa, na ukiiacha na nguvu iliyoandikwa, msikilizaji hatasikia kingine. Ipunguze, lakini usiguse nota zenyewe. Weka mafaili mawili: moja safi, lenye kile mtunzi alichoandika, na lingine la kusikilizwa.

Inachukua muda gani?

Simfonia ya dakika 40 ina kitabu cha kurasa 150 hadi 250. Kwa mtu mwenye kazi nyingine ya mchana, ni miezi, na kuipa pumzi huchukua muda sawa na kuiingiza, au zaidi.

Hii haiwanyang'anyi wanamuziki riziki?

Kazi ambazo hakuna okestra inayozipiga hazimlishi mpigaji yeyote. Na okestra nyingi huacha kazi za namna hii kwa sababu ya kawaida kabisa: hazina karatasi za wapigaji, na kuzitengeneza ni gharama. Ukishaingiza kitabu kizima, karatasi hizo zinatoka kwenye faili hilohilo. Wape bure. Okestra za wanafunzi na za watu wa kujitolea ndizo zenye uhuru wa kujaribu, na onyesho la kwanza la Rott lilipigwa na vijana wa konsevatori.

Akili unde haiwezi kumaliza haya yote?

Inaweza kusaidia kusafisha picha ya ukurasa. Kutunga baa zilizokosekana na kuziita za Mayer, hapana. Kilichokosekana kiachwe wazi au kijazwe na mtu anayetia sahihi yake.

Nianze na kazi gani?

Usianze na Raff, na tafadhali usianze na Rott. Anza na ala za nyuzi peke yake. Robert Fuchs wa Vienna, aliyewafundisha watunzi Mahler, Sibelius na Hugo Wolf, alipendwa kwa serenadi zake, kazi nyepesi za okestra, na ya kwanza, katika D meja, ni ya nyuzi tupu: safu tano, hakuna ala inayohama ila kontrabesi na oktavu yake. Alifariki mwaka 1927, hivyo hana kizuizi. Robert Volkmann naye ana serenadi tatu za nyuzi, na ya tatu inampa mpiga chelo mmoja nafasi ya kulalamika juu ya wenzake kwa namna isiyosahaulika.

Baada ya hapo chukua uvertura, kazi ya okestra ya sehemu moja. Ile ya Emilie Mayer iitwayo "Faust", iliyochapishwa mwaka 1880, ni ya dakika kumi na kitu, ina okestra kamili yenye tromboni, na giza la mwanzo wake litakufundisha mengi kuhusu besi. Ukiimaliza hiyo utakuwa tayari kwa simfonia.

Ninapoiweka mtandaoni niandike nini?

Jina la mtunzi na miaka yake, jina la kazi, mwaka wa kutungwa. Chanzo ulichotumia: chapa gani, au mswada gani wa maktaba gani. Sema wazi katika mstari wa kwanza kwamba ni kompyuta inayopiga. Ambatisha orodha ya masahihisho yako na faili la nota. Mifumo ya mitandao ya video wakati mwingine hudai kwamba rekodi ni ya mtu mwingine kwa sababu tu imesikia muziki unaofanana. Ukiwa na chanzo chako mkononi, pinga dai hilo kwa maandishi ukitaja mwaka aliofariki mtunzi na programu uliyotumia kutoa sauti.